Mama Bukuru wa Pili

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema jambo hili mwenyewe mapema, maana wenzangu wa ofisini wakianza kulisimulia wataongeza chumvi, na chumvi haihitajiki.

Mimi ni Ruphin, mtu wa Likasi. Hapa Johannesburg nimelinda mlango wa duka Fordsburg, nimeuza mikanda Jules Street mpaka askari wakanichosha, na sasa nimekalia kiti cha ofisi, cha magurudumu. Shirika letu ni dogo, vyumba viwili tu pale Malvern. Wanawake sita wanapanda ghorofa kwa miguu kuwatembelea wajawazito na mama wenye watoto wachanga. Wanawapima watoto uzito, wanaandika. Mimi naziingiza fomu zao kwenye kompyuta. Fomu za siku zikiisha kuingia, mtoto aliyepungua uzito kompyuta inamtia alama nyekundu, nami naipigia kliniki simu siku hiyo hiyo. Kila miezi mitatu ripoti inakwenda kwa wafadhili, Marshalltown.

Ijumaa ya ripoti nilifika kwenye fomu za Emérite, dada wa Kirundi, mpole, mwandiko wake umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Jina la mama: Mama Bukuru. Watoto: Bukuru na Butoyi, mapacha, miezi minne, Malvern. Nikaingiza. Fomu ya nne: Mama Bukuru. Bukuru na Butoyi, mapacha, miezi minne, Malvern. Mitaa ni tofauti, tarehe za kuzaliwa zimepishana siku tisa. Simu hakuna.

Kompyuta ikauliza: hawa ni watu wale wale? Nikacheka peke yangu, nikabonyeza ndiyo, ikawaunganisha. Mtu aliyekaa miaka mitatu mlangoni akipekua mikoba ya watu, kila kitu kinamnukia wizi. Nikajiambia dada amechoka na ngazi, ananakili fomu badala ya kupanda.

Jumatatu kwenye kikao sikuweza kujizuia. Mama Victoire, kiongozi wetu, alikuwa anamimina chai.

"Dada Emérite, huyu Mama Bukuru wako ana miguu mepesi. Jumanne yuko ghorofa ya pili, Alhamisi yuko mtaa wa nyuma, na mapacha kawabeba wote."

Wakacheka. Emérite hakucheka.

"Ni wawili," akasema.

"Najua. Mapacha."

"Akina mama ni wawili. Na Butoyi mmoja anaharisha, leo natakiwa nirudi kwake."

"Yupi? Butoyi wa kwanza au wa marudio?"

Hapo walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Victoire akafuta meza, akasema ziara za Emérite zikaguliwe kwanza, na kabla ya hapo asiende kwa Mama Bukuru yeyote. Emérite akafunga daftari lake. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kelele nimezizoea. Alilitia daftari mkobani tu, nami nikadhani nimeshinda.

Jumanne hakuja kazini. Saa nne akampigia Mama Victoire, simu ikawekwa spika tukasikia sote. Yuko kliniki na mama mmoja aitwaye Annick. Mtoto wake Butoyi amekaukiwa na maji mwilini, ametundikiwa dripu, daktari bado hajasema neno la kutuliza moyo. Amekwenda bila ruhusa, akaongeza. Barua ya kumfukuza waiandike tu, atakuja kuichukua.

Nikafungua kompyuta. Butoyi wangu, yule mmoja, alikuwa na mstari mzuri unaopanda: kilo tano na nukta tatu mwezi uliopita, sita mwezi huu. Nikazitoa fomu zenyewe, nikazipanga mezani. Ile tano na nukta tatu ilikuwa ya mtoto wa Annick. Sita ilikuwa ya mtoto wa mama mwingine, aliyepimwa mwezi huu kwa mara ya kwanza. Mwezi huu mtoto wa Annick alikuwa na nne na nukta tisa, imeandikwa vizuri kabisa, na pembeni: anaharisha, nitarudi Jumatatu. Nilipowaunganisha, kompyuta ilibaki na kipimo cha mwisho, ile sita. Nyekundu yake niliifuta kwa kidole changu kabla haijatokea.

Nilikwenda kliniki kwa miguu. Kwenye kila robot, taa za barabarani za huku, nilisimama hata pasipokuwa na gari, kama mtu asiyetaka kufika.

Annick alikuwa kwenye benchi, Bukuru amelala mgongoni mwake. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye wa fomu. Hakuwa na hasira, pengine hakuwa na nafasi ya hasira.

"Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, anayemfuata ni Butoyi," akaniambia. "Kila nyumba. Ukiita Mama Bukuru sokoni Bujumbura, wanageuka kumi."

Nikakumbuka duka la Fordsburg. Tulikuwa walinzi wanne kutoka Kongo, na kwenye daftari la zamu msimamizi alituandika sote neno moja: Kongo. Mmoja akichelewa, tunagombezwa wanne. Nilimchukia sana mtu yule.

Emérite akatoka ndani, mikono bado imelowa. "Amenyonya," akamwambia Annick. "Kidogo, lakini amenyonya. Watamlaza siku mbili. Ingia umwone."

Tukabaki wawili. Nikamwambia nimeshampigia Mama Victoire, nimemweleza kosa ni langu, barua haipo tena. Akaitikia kwa kichwa. Ningeishia hapo, lakini mdomo wangu mnaujua.

"Ila na wewe, dada, ungeandika Annick."

"Annick ni la karatasi za ukimbizi. Mlangoni kwake nikiita Annick, hafungui, atadhani ni askari."

"Fomu inataka jina la kumtofautisha mtu."

"Mtaa nimeandika. Tarehe nimeandika. Uzito nimeandika."

"Sawa, lakini nielewe na mimi. Kompyuta iliniuliza kama ni watu wale wale, nikajibu nilivyoona."

Emérite akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kikao.

"Kompyuta haijawahi kukaa Malvern, na bado iliuliza. Wewe unakaa Malvern, na mimi nakaa meza ya pili kutoka kwako."