Maziwa ya Bihogo

Katika nyumba ya Prudensia kule Mabira, mimba haikutangazwa kwa mdomo. Ilisomwa kwenye kikombe.

Jioni, Prudensia alimimina maziwa ya ng'ombe wao Bihogo kutoka kwenye ekyanzi, chombo chake cha mti kilichofukizwa moshi hadi kikanukia, akampa kila mtu sehemu yake. Mwanamke aliye mwezini hakunywa. Wazee walisema akinywa, ng'ombe ataharibika: atakauka, au atatupa mimba. Kwa hiyo mkamwana akisema, "Leo sinywi, mama," nyumba nzima ilielewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba yumo katika siku zake, na kwamba mjukuu bado.

Kemirembe, mke wa Yustus, mwana wa Prudensia, alikuwa ameyasema maneno hayo kwa mwaka mzima na zaidi.

"Leo sinywi, mama."

Prudensia hakutukana. Alikirudisha kikombe taratibu, akatazama paa. "Basi paka atanenepa."

Nyirabageni, mdogo wake Yustus aliyekuwa bado shule, alijiinamia. Yustus naye akaitazama ndizi yake kana kwamba imeandikwa kitu. Alimpenda mkewe, hilo hata migomba ililijua. Lakini mambo ya namna ile alilelewa kuyapita kama mtu anayepita kando ya wanawake wanaooga mtoni: macho mbele, mwendo wa haraka. Mwanzoni Kemirembe alipojikunja kitandani na kumpa mgongo, Yustus alidhani amenuniwa. Akanuna naye.

Siku moja, wakipukuchua maharage uani, Kemirembe akamwuliza, "Bihogo akitaka dume unajuaje?"

"Swali gani hilo? Analia ovyo, anapanda wenzake, majani hayamwingii."

"Na akikaribia kuzaa?"

"Kiwele kinajaa, nyonga zinalegea. Kemirembe, mimi nimezaliwa zizini."

"Na mimi je?"

Yustus akachekacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mimi siku zangu zikikaribia," Kemirembe alisema, "moyo unakuwa mwepesi. Neno dogo linaniliza. Si kwamba nimekuchukia. Halafu tumbo linakamata, kiuno kinakatika, na damu inatoka nyingi kuliko ya dada zangu wote. Si uchafu, wala si laana. Ni mwili unafanya kazi yake, ila wangu unaifanya kwa fujo."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nichemshie maji niyatie kwenye chupa, nijikande. Halafu ukae karibu. Basi."

"Jikoni? Mama akiwa amekaa pale?"

"Jiko halina meno, Yustus."

Hakwenda. Alimwogopa mama yake, na zaidi alimwogopa Ambrose, binamu yake wa bodaboda, ambaye angemwona na sufuria leo, kesho kijiwe kizima kingemwita "Mama Yustus".

Msimu wa kahawa ulipofika, Kemirembe alichuma akiwa katika siku zake, kwa sababu kahawa iliyoiva haimsubiri mtu. Akaanguka kati ya mibuni. Muuguzi wa zahanati alimfunua kope, akasema damu imepungua sana, ale vizuri, apumzike, na akachunguzwe hospitali kwa nini anatoka damu nyingi hivyo. Prudensia akasema hospitali ni baada ya kahawa. Yustus akasema ndiyo, baada ya kahawa.

Lakini usiku huo Yustus usingizi ulimpaa. Kulipopambazuka, mama yake akiwa ameenda misa, alimkamua Bihogo, akajaza kikombe maziwa yenye joto la mwili, akakipeleka chumbani.

"Kunywa."

"Niko mwezini."

"Najua. Kunywa, umebaki macho tu."

"Na Bihogo ana mimba. Likitokea jambo?"

"Likitokea nipo. Bihogo ni wangu, na wewe ni wangu."

Kwao nguvu zote zilitoka kwenye maziwa. Dawa nyingine Yustus hakuijua. Kemirembe alimtazama muda mrefu, kisha akanywa bila kupumua, kama mtoto. Povu likabaki juu ya mdomo. Yustus akalifuta kwa kidole gumba, na mkewe akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu harusi.

Wiki haikuisha. Bihogo akatupa mimba.

Ambrose alikuja kusaidia kuuburuta mzoga mdogo. Prudensia alisimama katikati ya uwanja, khanga ameifunga kiunoni kama mtu wa msibani.

"Nani amekunywa?"

Aliwapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Nauliza. Nani amekunywa maziwa yangu akiwa mwezini?"

Kemirembe alimtazama Yustus. Hakumkonyeza, hakumsihi. Alimtazama tu, kama mtu anavyoutazama mlango anaojua utafunguliwa. Yustus alikuwa na kamba mkononi. Akaanza kuikunja, duara juu ya duara, kwa uangalifu wa ajabu.

"Nilikunywa mimi, mama," Kemirembe alisema.

"Nani alikupa?"

Hapo Kemirembe alisubiri. Kuku walidonoa. Ambrose alikohoa. Kamba ilikwisha kukunjwa, Yustus akaikunjua, akaanza upya.

"Nilijichukulia mwenyewe," alisema Kemirembe.

Prudensia akajipiga kofi mapajani. "Mimi nilipoletwa hapa, ndama alikufa, nikasingiziwa, na nilikuwa sijagusa hata povu! Nikalala nje kwenye nyasi mpaka wakachoka, wakanirudisha ndani. Huyu amekunywa kweli, halafu ananitazama usoni! Arudi kwao Kamuli akafundishwe."

Ambrose ndiye aliyempakia. Yustus ndiye aliyefunga begi nyuma ya pikipiki, kwa kamba ileile.

"Funga vizuri," Kemirembe alimwambia.

Mavuno yalikuwa yakielekea ukingoni Ambrose alipoingia uwanjani bila hata kuzima pikipiki. "Wee Yustus! Ng'ombe wa Melkiory naye ametupa. Na wawili kule Kibingo. Bwana mifugo anasema ni ugonjwa wa kutupa mimba, unatembea."

"Melkiory yupi?"

"Yule aliyefiwa na mkewe! Anaishi na mbwa na redio. Sasa sijui nani kwake alikuwa mwezini. Redio?" Alicheka peke yake, kisha akaacha.

Kesho yake Yustus alipanda nyuma ya Ambrose kwenda Kamuli, amebeba kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kama afanyavyo mume anayekwenda kumwomba mke aliyerudi kwao. Wakwe wakiipokea na kuinywa, neno limekwisha. Alikiweka kibuyu miguuni pa baba mkwe, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Sema."

Akasema yote. Kikombe ni yeye, maneno "likitokea nipo" ni yeye, na kimya ni yeye. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akamwita binti yake.

Kemirembe alitoka ndani akiwa amekonda, khanga imemkaa kama imeanikwa. Alikaa kwenye mkeka mbali kidogo.

"Yale maziwa yalikuwa matamu, Yustus," alisema. "Nilipoyanywa nilisema moyoni, leo ndiyo nimeolewa."

"Twende nyumbani. Nimekosa. Nimeshasema."

"Umesema baada ya bwana mifugo kusema." Sauti yake haikupanda. "Siku ile ungesema 'ni mimi', tungefukuzwa wote wawili, tukalala kwenye migomba tukicheka. Ningekuwa na mume. Sasa ng'ombe wa Melkiory ndiye aliyenitetea. Nitaishije na mwanamume aliyezidiwa na ng'ombe?"

"Nitabadilika."

"Badilika. Ila mimi sitakuwepo kutazama. Baba ananipeleka hospitali, na sitaki kusubiri kahawa ya mtu."

Alisimama. Alipopita karibu na kibuyu alikigusa kidogo kwa vidole, kama anavyoguswa mgonjwa, akaingia ndani. Baba mkwe alikikabidhi kwa Yustus kwa mikono miwili, kwa heshima. Kilirudi Mabira kimejaa. Njia nzima Ambrose hakufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililomwambia Yustus kwamba mambo yamekwisha.

Jioni ile Prudensia alimimina maziwa machache yaliyobaki kwa Bihogo. Kikombe kilimfikia Nyirabageni. Msichana akakisukuma, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Leo sinywi, mama."

Yustus alisimama, akakipita kikombe chake mwenyewe, akaingia jikoni.

"Unatafuta nini huko?" Prudensia aliuliza.

"Maji ya moto."

"Nani kakuroga?"

Yustus alichochea kuni, akabandika sufuria ya maji, moshi ukamwingia machoni, na kwa mara ya kwanza tangu Kamuli machozi yalipata mahali pa kutokea. Maji yalipoanza kutoa mvuke alishika chupa tupu, akabaki ameduwaa. Hakujua yawe ya moto kiasi gani. Yapo aliyoambiwa uani kwenye maharage, lakini hilo hakuuliza, na aliyekuwa tayari kumwambia hayupo.

"Nyirabageni," aliita. "Njoo unionyeshe."