Chupa za Ukuta wa Gad

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu wote walimpigia jirani yangu Gad makofi kwa sababu ya takataka. Jiko lake kalijenga kwa udongo na chupa za plastiki, kila moja imeshindiliwa mifuko na karatasi za biskuti mpaka ikawa ngumu kama tofali. Mimi fundi mwashi, miaka ishirini kazini, nani aliwahi kunipigia makofi?

"Twahir, we ndiye fundi," mkuu wa mtaa akaniambia. "Upige lipu."

Bon. Nikainamia ukuta. Kwenye kitako cha chupa ya kwanza nikaona karatasi ya bluu. Ni ya biskuti ninazomletea mke wangu Mutoni kila nikitoka kazini Goma. Huku kwetu haziuzwi. Chupa ya pili, bluu. Ya tatu, bluu.

"Kujaza chupa moja ni siku ngapi?" nikamuuliza Gad.

"Siku mbili, ukikaa nayo." Akacheka. "Mutoni iko na mikono ya nguvu!"

Nikahesabu za bluu mpaka arobaini, siku themanini, nikaacha. Lipu ya ukuta ule niliipiga nene kuliko zote maishani mwangu.