Muravumba Haitaki Aksanti

Kwetu Masisi, mutu akikupa majani ya dawa, hauseme aksanti. Unapokea, unaenda. Ukishukuru, dawa inalala. Mujukuu wangu Aurélie anajua hivyo tangu utoto, lakini siku alikuja kuchuma majani ya muravumba kwa lupango yangu, ndani ya uzio wa nyumba, akasahau.

"Aksanti sana, Koko!" akasema, tayari juu ya pikipiki, sashe ya plastiki yenye majani kwa mapaja.

"Weye! Umeiua!"

Akacheka. Motari, mwenye kumubeba, akawasha pikipiki.

Aurélie anasoma mambo ya dawa kule Goma. Kazi yake ya kumaliza masomo njo hiyo muravumba, yenye majani laini kama sikio la ndama, inanata kwa vidole na kunukia vizuri. Mimi nimesafisha nayo vidonda vya watoto wa kilima chote. Yeye anatafuta ni nini ndani ya jani inaua mikrobe. Ikishindikana, anarudilia mwaka.

Akanipigia simu, sauti imelowa. "Koko, kwa kisahani cha kupimia mikrobe zimejaa tu. Majani hayakufanya kitu."

"Ulishukuru."

"Hapana, Koko. Ni sashe. Majani yalitoka jasho njiani, yakaoza."

"Sashe haina kinywa. Weye njo ulisema."

Lakini roho yangu haikutulia. Na kama jani langu ni bure?

Akarudi. Tukachuma umande ukiisha kukauka, tukatandaza majani kivulini juu ya kitunga mpaka yakakauka, tukayafunga kwa kartasi. Alipanda pikipiki mashavu yamevimba kama mwenye kushika maji kinywani, aksanti isimutoroke. Hata kuniaga hakuniaga. Nilifurahi sana.

Kwa Pasaka akaniletea picha kwa telefone: kisahani, mikrobe zimetanda kama utando wa maziwa, katikati kitone cha muravumba, na pembeni yake duara safi kabisa.

"Hapa hakuna hata moja ilikaribia, Koko. Hizi ni za vidonda. Za tumbo, imezishindwa. Mwenye kuharisha umutume kwa kituo cha afya."

"Nitamutuma."

Kisha akanipa kazi yenyewe, imechapwa kama kitabu. Ukurasa wa kwanza ni wa kushukuru: Mungu, maprofesa, baba yake Théogène, hata motari. Nikatafuta jina langu. Hakuna.

"Profesa aliniuliza: na Koko wa majani? Nikamujibu: huyo nikimushukuru, atanipiga."

Nikamukatia kipande kikubwa cha fromaji, jibini ya ng'ombe zetu. Akakishika, ananiangalia, kinywa kimefungwa.

"Fromaji haiko dawa," nikamwambia. "Sema."

Akasema, akanikumbatia, akasema tena, mpaka fromaji ikaanguka chini.