Wangu Hataki Kuamkia

Marereni ya miaka ile ya themanini ilikuwa na chumvi hadi angani. Kunguru akipita juu ya mabwawa alitua Malindi keshakauka kama samaki ng'onda. Mimi nilikuwa dereva wa lori la chumvi, nilimwona. Ila haya ya binti aitwaye Wangu sikuyaongeza neno.

Mama yake, Jedida, alikuwa mjane wa bara aliyekuja kuchota chumvi. Walikaa kwa Dedan, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye nyapara wetu. Nyumba ya Dedan, kazi ya Dedan.

Jedida alizipenda adabu za pwani. Alimfundisha bintiye kuamkia kila mkubwa na kumbusu mkono, na Wangu nusura aamkie hata mbuzi. Kisha akamwacha mtu mmoja: baba yake mdogo. Jioni Dedan akinyoosha mkono, mtoto hujibana ukutani. Mama humchapa. Sisi majirani tulisema, anamlea vizuri.

Halafu Wangu akanyamaza kabisa, akaanza kukojoa kitandani.

"Mzee Ngala," Jedida akaniambia, "tupeleke kwa mganga. Mtoto ana shetani."

"Mashetani nimewabeba wengi kwenye lori hili, wana maneno kuliko makuli. Huyu wako mbona kimya? Twende kwanza kwa Bi. Hafidha."

Bi. Hafidha, mama wa Lamu, alikaa na watoto wa namna hiyo katika chumba nyuma ya zahanati moja ya Malindi. Alitandika mkeka, akampa Wangu vifuu na mchanga apike. Yeye akatoka na kupiga hodi kama mgeni.

"Hodi. Mimi bibi yako."

Wangu akaubusu mkono wake, bila sauti.

"Hodi. Mimi mwalimu wako."

Akaubusu tena.

"Hodi. Mimi baba yako mdogo."

Mtoto akaangusha kifuu, akavuta gauni kufunika magoti, akalishika kwa mikono miwili.

"Si unaona, Bi?" Jedida akasema. "Kiburi tu."

"Keti, mwanangu. Kiburi hiki kilianza lini?"

"Tangu niwekwe zamu ya usiku."

"Na nani aliyekuweka?"

Jedida akaitazama mikono ya bintiye. Kisha akaketi chini.

Hawakurudi Marereni; kesho yake Dedan akawafuata zahanati, shati limepigwa pasi. "Shemeji, ya nyumbani huishia nyumbani. Nimeongea na wazee, nitatoa mbuzi. Ukikataa, utalala wapi?"

"Hapa," Jedida akasema.

Wakalala stoo ya zahanati, kati ya magunia ya unga wa maziwa. Jedida akafutwa kazi. Akaenda kumshtaki Dedan, lakini kituoni polisi walimtaka mtoto aseme mwenyewe. Hakusema, na Dedan akarudi mabwawani kutupigia kelele.

Bi. Hafidha hakumwacha mtoto, wala mama. Siku niliyowapelekea mihogo, nilimkuta Jedida mkekani mbele ya bintiye. Alinyanyua mkono amfute mchanga shavuni, na Wangu akajikinga uso.

"Anadhani nampiga," Jedida akasema.

"Ana sababu," Bi. Hafidha akamjibu. "Usimguse mpaka aje mwenyewe."

Jedida akaiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mihogo ilipoa. Mtoto hakuja siku hiyo.