Koti la Sajini

Cyriaque aliingia katika duka la mitumba la Annandale, Marekani, kutafuta viatu vya kazi, akatoka na koti la mwanajeshi wa Zaire. Lilikuwa limebanwa kati ya makoti ya mvua: pamba nzito, madoa kama ya chui, kola iliyochakaa. Alilivuta nje.

Baba yake alivaa koti la namna hiyo. Alikuwa sajini katika kambi ya Goma, na vita vilipoingia mwaka tisini na sita alipotea, hata kaburi hana. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Cyriaque alilelewa ng'ambo ya ziwa, Bukavu, na shangazi yake Domina. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mfanyakazi wa ghala huko Landover, na hakuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha binti yake Jaël na kusema, hiki ni cha babu yako.

Hakumwambia mkewe, Séraphine. Séraphine alizaliwa Goma, lakini mambo ya Goma hakuyazungumza, na kwa miaka mingi Cyriaque alikuwa amezoea kutomuuliza. Koti alilificha kwenye buti ya gari. Aliyeambiwa ni Jaël, ambaye alikuwa anasoma chuo. Jaël aliuliza huku na huku, akampata mzee mmoja wa Fairfax aitwaye Ethan, mtunzaji wa nguo za zamani katika jumba dogo la makumbusho.

Ethan alilitandaza koti juu ya shuka nyeupe, akavaa glavu. Alizima taa, akamulika mishono kwa tochi ya mwanga wa zambarau.

"Uzi wa siku hizi ungeng'aa," alisema, na Jaël akamfasiria baba yake. "Huu haung'ai. Hili si la kuigiza."

Alionyesha vifungo vyenye kichwa cha chui, akageuza mfuko wa ndani na kupata mhuri uliofifia wa kiwanda. Kwenye bega la kushoto palikuwa na nembo iliyoshonewa juu ya kitambaa cha sufu, na nondo walikuwa wameanza kukila.

"La miaka ya themanini, nadhani. Usilifue, usilipige pasi. Litie kwenye mfuko usiopitisha hewa, uliweke kwenye friza wiki mbili, wadudu na mayai yao wafe. Halafu lilaze kwenye sanduku, na karatasi laini isiyo na asidi kila penye mkunjo."

"Muulize kama linaweza kuwa la baba," Cyriaque alisema.

Ethan alitafuta jina, hakulipata. Alitikisa kichwa polepole. "Yalishonwa maelfu."

Hata hivyo Cyriaque alirudi nyumbani na furaha asiyoweza kuieleza. Aliufunga mfuko vizuri, akausukuma chini kabisa ya friza, chini ya kuku na samaki.

Jumamosi iliyofuata Séraphine alitoka kazini kwa wazee anaowahudumia, akafungua friza kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika. Cyriaque aliporudi kutoka sokoni alikuta kuku na samaki wametapakaa sakafuni, maji yakichuruzika, Jaël amesimama katikati bila kujua ashike nini. Séraphine alikuwa nje, ameketi kwenye ngazi ya jengo bila hata sweta, na baridi ilikuwa kali.

"Mama Jaël, ingia ndani, utaugua."

"Tangu lini mu nyumba yangu tunalalisha wanajeshi?"

"Ni nguo tu. Baba yangu alikuwa—"

"Najua baba yako alikuwa nini." Hakumtazama. "Mama yangu alikuwa na congélateur, friza kubwa. Alikuwa anauza samaki na jus ya barafu, ndiyo tulikuwa tunakula, ndiyo tulikuwa tunasoma. Siku za pillage, wanajeshi walipopora mji, wakaingia, wote na zile madoa. Wakaibeba. Gédéon, kaka yangu, akashikilia mlango ya ile congélateur, hakutaka kuachia. Wakamupiga na kitako cha bunduki, hapa." Aligusa nyuma ya sikio lake. "Hakumaliza juma. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sura hata moja sikuiona. Niliona madoa tu. Na leo nafungua congélateur yangu mwenyewe."

Cyriaque alijua kwamba mkewe alikuwa na kaka aliyekufa. Aliambiwa ni ugonjwa.

"Baba hakuwa mtu wa hivyo," alisema.

Sasa Séraphine alimtazama. "Siku zile alikuwa wapi?"

Cyriaque aliingia ndani. Aliliondoa koti, akasafisha sakafu, akaenda kukaa ndani ya gari na kumpigia simu shangazi Domina. Bukavu jua lilikuwa linazama. Waliulizana hali, afya, kanisa. Kisha Cyriaque akauliza kama baba yake aliwahi kuzungumzia zile siku za pillage ya Goma.

"Kwa nini unauliza mambo ya wafu, mwana wangu?"

"Nataka kujua tu, shangazi."

"Ile machine ya kushona, ulifikiri niliinunua na nini? Alikuja nayo mu bateau, akavuka ziwa, yeye na mwenzake, imefungwa na blanketi. Nilimuuliza ni ya nani. Alisema, wewe shona, mtoto asome. Nikashona. Ukasoma." Alivuta pumzi. "Askari hawakuwa wanalipwa, Cyriaque. Lakini ile machine ilikuwa na mwenyewe."

Alikaa garini hadi vioo vikaingia ukungu. Angeweza kunyamaza. Séraphine asingejua kamwe, na shangazi Domina alikuwa mzee. Lakini asingeweza kurudi ndani na kusema tena kwamba baba hakuwa mtu wa hivyo.

Alimkuta Séraphine jikoni akipika samaki wote walioyeyuka, maana hawangegandishwa tena. Alimwambia maneno ya shangazi akiwa amesimama mlangoni. Hakupunguza neno. Séraphine aligeuza samaki, akageuza mwingine.

"Ni yeye aliyempiga Gédéon?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Hatutajua."

"Basi." Alizima jiko. "Asante kusema."

Usiku huo na siku nyingi zilizofuata Séraphine alilala chumbani kwa Jaël. Cyriaque alisema yuko tayari kulichoma koti, na hapo Séraphine alikasirika zaidi. "Uchome, halafu niwaonyeshe nini watu? Walitunze wale wa makumbusho. Lakini si hapa kwangu."

Walikwenda Fairfax wote watatu. Ethan alilipokea, akalilaza ndani ya sanduku na kujaza karatasi mikononi mwa koti ili mikunjo isikatike. Séraphine alisimama mbali, karibu na mlango. Halafu akamwambia Jaël, "Mwambie aandike jina la Gédéon. Aandike kile watu wa hizi nguo walimfanyia." Jaël alifasiri. Ethan aliandika, akasoma tena herufi moja moja mpaka Séraphine akakubali.

"Na mwenye koti?" Ethan aliuliza. "Tuseme nini?"

Cyriaque alifungua mdomo. Jina la baba yake lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Hajulikani," alisema.

Njiani kurudi, Jaël aliuliza kwa Kiingereza mjomba Gédéon alikuwa mtu wa namna gani. Séraphine alijibu kwa Kiswahili: alikuwa anaimba vibaya, alikuwa anaiba barafu na kuwapa watoto wa jirani, aliogopa mbwa. Alisema mengi ambayo Cyriaque hakuwahi kuyasikia. Yeye aliendesha, macho barabarani, akisikiliza. Habari za sajini hakuna aliyeziuliza.