Kijivu Juu ya Dabaso

Ramani yangu ya mawingu ni nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu nimeichora mwenyewe, miezi minane, katika chumba cha ghorofani huku mtaa wa Barani, Malindi, chenye feni inayozunguka ikipenda. Rubani akiifungua kwenye tableti yake hasumbuliwi na tarakimu. Anaona rangi: kijani pita, manjano angalia, nyekundu usithubutu.

Asubuhi ile ya Mei ilikuwa ya kuamua. Bwana Thuku, mwakilishi wa kampuni moja ya ndege ndogo, alikuja kuitazama ikifanya kazi. Akiikubali, ingeingia katika ndege zao zote. Akiikataa, mimi na bosi wangu, Jefwa, tungefunga ofisi. Ndege yao ya majaribio ilikuwa tayari njiani kutoka Nairobi, haina rada, abiria tisa, Kapteni Mwambire kwenye usukani. Angetua Malindi akitokea kusini, akipita juu ya Dabaso. Kwenye ramani, Dabaso ilikuwa kijani.

"Safi," Thuku akasema. Nikatabasamu kama mama wa bibi harusi.

Simu ikalia. Alikuwa Kadzo, shoga yangu anayepika kaa kule Dabaso, penye daraja la mbao la mikokoni.

"Swabra, leo usije kula. Mvua inavyomwagika huku, hata mikoko siioni."

Nikatazama skrini. Kijani kitupu. Papo hapo nikajua nilipokosea, na nikaona haya. Rangi nilizipanga kwa urefu wa wingu, kama nilivyofundishwa chuoni bara: likipanda sana, nyekundu, likiwa fupi, kijani. Nami ni mtoto wa Malindi, niliyeanua nguo tangu nina miaka sita kwa mvua za mawingu mafupi yanayoingia kutoka baharini mwezi huu huu. Setilaiti inayoilisha ramani yangu huyatazama kwa juu ikadhani si kitu.

Jefwa akanivuta pembeni. "Usiguse. Akiona tunabadilisha ramani kwa simu ya mpishi, tumekwisha. Rubani ana macho yake."

"Yataona nini ndani ya mvua?"

Ila nilikosa rangi. Nyekundu inataka kipimo, nami sikuwa na kipimo, nilikuwa na Kadzo. Nikachukua kijivu, ambacho hakikuwamo kabisa kwenye ramani yangu, nikakipaka Dabaso yote, nikaandika juu yake: Mvua nzito, wingu fupi. Kiasi sikijui. Imeonwa na mtu aliyepo. Nikaituma kwa rubani, kisha nikaupigia simu mnara wa kuongozea ndege nikawaambia yale yale.

"Hiyo rangi ni ya nini?" Thuku akauliza.

"Ni mahali ambapo ramani yangu imekosea."

Jefwa akafumba macho.

"Na huyo mtu aliyepo ni nani?"

"Mpishi wa kaa."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Sikupenda alivyoandika.

Alama ya ndege ikakaribia kijivu, ikasita, ikageuka. Ikazunguka upande wa Marafa, kwenye ukavu, kwa robo saa nzima. Mwishowe ikatua ikitokea kaskazini.

Haikupita saa Kapteni Mwambire akapanda ngazi zetu.

"Nani amepaka kijivu?"

"Ni mimi. Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Nimeusogelea ukingo wake nikaona. Mvua imeshuka mpaka chini, huoni ardhi. Ningeingia mle kwa kuamini kijani chako..." Akamgeukia Thuku. "Ramani nilizopewa miaka yote zinajua kila kitu. Hii imeniambia haijui. Mimi nitaruka nayo."

Thuku akanitazama. "Na zile rangi za urefu?"

"Nitazipanga upya kwa hali ya pwani," nikasema. "Naweza." Na naweza kweli.

"Basi zipange. Tunaichukua."

Jefwa akaanza kumimina chai. Kabla sijaonja yangu nikampigia Kadzo kumuuliza kama mvua imekatika.

"Bado," akasema.

Nikakiacha kijivu mahali pake.