Gauni la Kanisani Siku ya Jumatano

Ilikuwa Jumatano, lakini Bi Ozella Pettway alivaa gauni lake la kanisani, lile la buluu lenye vifungo vya lulu, akatia na kofia. Binti yake Lavonne alikuwa amejilaza kwenye kochi, kitambaa cha maji machoni. Alipokifunua akamwona, alijaribu kucheka.

"Mama, tunakwenda hospitali, si kwenye ubatizo."

"Jana nilikwenda na ndala. Uliona walivyotupokea? Inuka, mwanangu, uvae lile koti lako la kazini. Wajue kwamba wewe ni mwalimu."

"Kichwa kinapasuka, Mama. Sitaki koti."

"Vaa."

Lavonne alikuwa amejifungua wiki iliyopita. Tangu juzi kichwa kilimgonga, uso ukamvimba, vidole vikajaa hata pete ikakataa kutoka. Jana walisafiri saa nzima na ushei hadi hospitali, maana wodi ya wazazi ya wilaya yao, huku Alabama vijijini, ilikwishafungwa. Wakaambiwa ni uchovu wa mama mpya, wakapewa vidonge vya maumivu, wakarudi. Leo asubuhi akaanza kuona vimulimuli.

Bi Ozella hakumtaja Marvella. Hapakuwa na haja. Marvella, binti yake mkubwa, naye aliambiwa ni uchovu, akazikwa kitovu cha mwanawe hakijadondoka.

Tyree, mume wa Lavonne, aliendesha gari. Njiani mkwewe akamwambia, "Tukifika, wewe mshike mtoto. Maneno niachie mimi."

"Ni mke wangu, Mama."

"Ndiyo maana. Ukipandisha sauti kidogo tu, wataacha kumtazama yeye, waanze kukutazama wewe."

Tyree alijua jinsi mwili wake ulivyo mkubwa na mweusi, na alikuwa amechoka kuuombea radhi.

Walikaa kwenye viti vya plastiki mpaka mchana ukapinda. Daktari aliyewaona alikuwa kijana, umri wa kuweza kuwa mjukuu wa Bi Ozella.

"Ozella, eti?"

"Bi Pettway," akamsahihisha.

"Sawa. Naona mlikuja jana. Kina mama wapya wengi hawalali vizuri, na kichwa..."

"Presha yake ikoje?"

"Ilipimwa jana, ilikuwa juu kidogo. Wasiwasi tu huo."

"Na ya leo?"

Daktari akautazama mlango. "Nitamwandikia dawa yenye nguvu zaidi."

"Daktari, naona nyota," Lavonne akasema, kwa ile sauti ya upole anayotumia na wazazi wakorofi shuleni. "Mimi si mtu wa kulalamika ovyo."

"Kapumzike nyumbani," akajibu, akatoka.

Muuguzi akaja kuwaruhusu. Bi Ozella akajikuta amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile. Ulikuwa wa miaka mingi ya kutabasamu pasipochekesha, ya "samahani kwa usumbufu", ya "tafadhali, kama una nafasi". Akatafuta moyoni mwake tafadhali moja iliyosalia, asiipate. Akavua viatu, akajiweka sawa kitini.

"Hatutoki."

"Bibi, chumba hiki kinahitajika."

"Mwite mlinzi, basi. Mwambie kuna bibi kizee amegoma."

Muuguzi akasimama. Hakuwa mtu mbaya, ila naye zamu ilikuwa imemkamua. Macho yake yakaenda kwenye mikono ya Lavonne, yakatua pale pete ilipozama nyamani. Akaguna. Akaivuta mashine ya presha, akamfunga mkono. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. Halafu akatoka mbio.

Chumba kikajaa watu. Walikuwa bado wanautafuta mshipa Lavonne alipogeuza macho, mwili ukakakamaa, ukaanza kurushwarushwa kitandani. Tyree, mtoto kifuani, alimwita mkewe kwa jina, tena na tena. Hata wakati ule alimwita kwa sauti ya chini.

Lavonne hakufa. Kifafa cha mimba, walisema, nacho huweza kumpiga mtu hata baada ya kujifungua. Alizinduka kesho yake, akamuulizia mwanawe Odessa. Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona ukungu. Huenda litapona, walisema, huenda.

Daktari yule kijana alipita. "Mlifanya vizuri kumleta mapema, Bi Pettway."

"Mapema," akarudia Bi Ozella. "Tulimleta juzi."

Kijana akainamisha kichwa, akaenda zake.

Baadaye akaja mama mmoja wa uongozi, mwenye sauti laini. Kungekuwa na mkutano, alisema, wa kutafuta namna ya kuwasikiliza zaidi kina mama weusi. Je, Bi Pettway angekubali kuja kusimulia yaliyowapata?

"Alipokufa Marvella niliombwa hivyohivyo. Nikaja, nikasimulia. Mkalia, mkanipa keki. Safari hii asimulie daktari. Naye alikuwepo."

"Huenda akakataa."

"Mbembelezeni. Mimi nimechoka."

Yule mama akaaga. Pembeni Tyree alikuwa anahangaika na chupa ya maziwa, mtoto akilia na kugeuza uso. Bi Ozella akamwinua kidevu mjukuu wake, akaisogeza chupa taratibu. Kilio kikakatika.

"Ananyonya?" Lavonne akauliza kitandani, macho kayafumba.

"Ananyonya. Lala."